Kuhamishia boksi la usukani la toleo jipya kwenye pikapu ya zamani

Pikapu ikishazeeka, usukani wake huanza kucheza. Unauzungusha kidogo na matairi hayajasikia kitu. Boksi linavuja, seti ya sili haipatikani, kisha mtu anakwambia: "Chukua boksi la toleo jipya, linaingia tu." Hapo ndipo maswali huanza, na kila anayeanza huuliza yaleyale. Mashimo yatalingana? Mipira ya kupitisha oili je? Mbona nimefunga vizuri na usukani umekaa upande? Nimeandika mwongozo huu kujibu maswali hayo kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Shika hili kabla ya yote: boksi kukaa kwenye mashimo ya chesisi hakuthibitishi kwamba linaifaa gari yako. Mashimo ndiyo sehemu rahisi. Kuna mambo mengine matano yanayopaswa kukubaliana, na lolote kati ya hayo likikosewa unaweza kuwa na gari isiyokata kona unapoitaka ikate.

Mwongozo unahusu maboksi yenye gololi za chuma ndani, yale yenye shafti ya juu inayopokea usukani na shafti ya chini inayobeba mkono wa pitmani, yaani mkono unaosukuma fimbo za matairi. Gari yenye reki (fimbo ya meno inayokwenda kushoto na kulia badala ya boksi) ni habari nyingine kabisa.

Kabla hujatoa pesa: linganisha maboksi mawili

Usinunue kwa jina la gari na mwaka peke yake. Nenda na vipimo vya boksi lako la zamani, au ulibebe lenyewe kama tayari umelitoa.

Upande wa kuzunguka. Hili naliweka mbele kwa sababu ndilo la hatari kuliko yote. Shika shafti ya juu, izungushe kana kwamba unakata kushoto, utazame ncha ya pitmani inakwenda wapi. Fanya hivyo kwa boksi la zamani, kisha kwa jipya likiwa limeshikwa katika mkao uleule litakaofungwa. Pitmani inayoelekea mbele na pitmani inayoelekea nyuma, shafti zake zikizungushwa upande mmoja, ncha zake huenda pande tofauti. Ndiyo maana boksi la gari yenye mpangilio tofauti wa mbele, au la gari yenye usukani upande mwingine, linaweza kufunga bolti zote sawasawa halafu ukikata kushoto matairi yakaenda kulia. Kosa hilo halina marekebisho. Tafuta boksi jingine.

Mfagio wa pitmani, yaani upana wa mwendo wake. Zungusha boksi kutoka mwisho hadi mwisho, upime pitmani imesafiri nyuzi ngapi. Mengine yamewekewa vizuizi ndani kwa ajili ya gari ndogo. Ukifunga boksi la mfagio mfupi kwenye pikapu, kona zako zitakuwa pana na kugeuza gari kwenye njia nyembamba kutakuwa mateso. Hesabu pia mizunguko ya shafti ya juu. Maboksi ya zamani yasiyo na pawa (msaada wa pampu ya oili) mara nyingi huchukua zaidi ya minne, ya pawa huwa mitatu hadi minne.

Shafti ya juu na splaini (meno) zake. Pima kipenyo kwa vernia, hesabu meno, angalia mfereji wa kupitisha bolti ya kaplingi (kiungo kati ya shafti ya usukani na boksi) uko wapi. Jino moja likizidi au kupungua, kaplingi ya zamani haifai, hata kama inaonekana "inaingia kwa nyundo".

Shafti ya chini na pitmani. Nyingi zina meno mapana manne yanayolazimisha pitmani ikae mahali pamoja kila robo ya duara. Meno hayo yamewekwa makusudi ili usikosee. Kamwe usiyasugue kwa tupa. Kama pitmani ya zamani haiingii, nunua ya toleo jipya, ila upime urefu wake kati kwa kati na kiasi ilivyopinda kushuka chini. Pitmani ndefu zaidi huharakisha usukani na kuuongezea boksi mzigo, na iliyoshuka kupita kiasi huiweka dragi linki (fimbo inayotoka kwenye pitmani kwenda kwenye matairi) kwenye pembe mbaya, hivyo gari hujikata yenyewe kila springi ikibonyea.

Midomo ya mipira. Mfano mzuri ni maboksi ya chapa ya Saginaw yaliyofungwa kwenye pikapu za General Motors. Ya miaka ya 1970 yana mdomo wa koni na nyuzi za inchi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 yakaja ya oringi yenye nyuzi za milimita, M16 na M18. Kwa jicho yanafanana. Ukilazimisha mpira wa zamani kwenye boksi jipya unaharibu nyuzi za boksi zima. Adapta zipo, au peleka mpira wa presha kwa watengenezaji wa mipira ya haidroliki wauwekee kichwa sahihi.

Kama pikapu yako haikuwa na pawa tangu mwanzo, boksi jipya peke yake halitoshi. Unahitaji pampu, bano lake, puli iliyonyooka na puli ya injini, mkanda, na tangi la oili. Hesabu gharama hiyo mapema.

Vinavyohitajika

- Jeki imara, stendi mbili za chuma na kabali za matairi ya nyuma
- Pula ya pitmani (usiikodi ndogo, itapasuka) na pula ya tairodi endi
- Soketi kubwa ya nati ya pitmani, kwa kawaida kati ya 30 na 36, na mpini mrefu
- Spana ya torki inayofika Nm 300 au karibu yake
- Spana za mipira zenye mdomo uliofungwa nusu, ili usimalize kona za nati
- Brashi ya waya, oili ya kulegeza kutu, rangi nyeupe ya alama
- Beseni, matambara, miwani ya kulinda macho
- Bolti mpya za boksi, gredi ileile ya za kiwanda au zaidi, pamoja na washa
- Spliti pini mpya na oringi mpya
- Oili ya pawa ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi, lita mbili angalau
- Kitabu cha ufundi cha gari lililotoa boksi, kwa ajili ya torki zake

Tafuta pia mtu wa kukusaidia. Boksi la pawa la pikapu ni zito, na utakuwa umelishika juu ya kichwa chako ukiwa umelala chini.

Kazi yenyewe

1. Egesha mahali tambarare pagumu. Nyoosha matairi ya mbele, weka kabali nyuma, fungua waya wa hasi wa betri. Inua mbele na uiweke juu ya stendi. Jeki si stendi. Funga usukani kwa mkanda wa kiti ili usizunguke wakati shafti imeachia. Kama mtu aliwahi kubadilisha usukani ukawa wenye mfuko wa hewa, kuuacha uzunguke bure kunakata waya uliojiviringisha ndani yake.

2. Piga picha kila kitu kabla ya kukigusa, hasa njia ya mipira na mkao wa pitmani. Paka alama ya rangi kwenye shafti ya usukani na kaplingi.

3. Weka beseni, fungua mpira wa kurudishia kwanza, kisha wa presha. Ziba midomo yote mara moja. Chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye vali ya boksi jipya inatosha kuliharibu.

4. Tenganisha dragi linki na pitmani kwa kutumia pula. Uma wa kupiga kwa nyundo utafanya kazi upesi, lakini utachana raba ya boljointi. Utumie tu kama utanunua boljointi mpya.

5. Legeza nati ya pitmani boksi likiwa bado limefungwa kwenye chesisi. Wengi hulitoa boksi kwanza, kisha wanahangaika nalo sakafuni. Chesisi ndiyo jiliwa lako. Weka oili ya kutu usiku uliotangulia, legeza nati lakini usiitoe yote, funga pula, kaza, halafu gonga pembeni ya kichwa cha pitmani. Nati ikiwa bado imeshika nyuzi chache, pitmani ikiruka haitakuangukia mguuni. Usiigonge shafti kutoka chini, maana pigo huenda moja kwa moja kwenye gololi na beringi. Usiipashe pitmani moto pia kama unakusudia kuitumia tena, kwa sababu chuma kile kimetiwa ugumu kiwandani na moto unauondoa.

6. Toa bolti ya kaplingi yote kabisa, si kuilegeza tu, kwa kuwa inapita kwenye mfereji wa shafti. Panua mdomo wa kaplingi kidogo kwa bisibisi bapa na uivute juu.

7. Mwenzako ashike boksi, wewe toa bolti. Literemshe.

8. Sasa simama hapo. Safisha chesisi kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, uimulike kwa tochi. Boksi husukuma chesisi kila siku ya maisha ya gari, na mahali hapa hupasuka. Pikapu za Chevrolet za magurudumu manne za kati ya 1973 na 1987 zinajulikana kwa ufa wa hapa, lakini si hizo peke yake. Tazama kuzunguka mashimo na kwenye pembe za juu na chini. Ukikuta ufa, kazi ya boksi inasubiri. Mchomeleaji anayejua chesisi aufungue ufa, auchomelee, kisha aweke bamba la kuimarisha. Kufunga boksi kali juu ya chesisi iliyopasuka ni kuongeza ufa.

9. Jaribisha boksi jipya kwa bolti zilizoshikwa kwa mkono tu. Angalia nafasi kati ya boksi na radieta, feni, springi na bomba la moshi. Shimo moja likiwa limekosea kwa milimita chache, usilipanue likawa yai. Toboa shimo jipya safi au tumia bamba la kati lililotengenezwa kwa ajili hiyo. Na kama bolti zinapita kwenye chesisi iliyofungwa pande zote kama bomba la mraba, tia ndani yake vipande vya bomba nene la chuma, kimoja kwa kila bolti, urefu sawa na upana wa ndani. Bila hivyo utakaza, chesisi itabonyea, na baada ya wiki bolti zimelegea tena.

10. Tafuta kati ya boksi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi nyingi huharibikia.

Weka boksi mezani juu ya beseni, toa vizibo vya midomo. Zungusha shafti ya juu taratibu hadi mwisho mmoja, usiligongeshe. Kisha rudi hadi mwisho mwingine ukihesabu. Ukipata mizunguko 3 na nusu, kati iko kwenye mzunguko 1 na robo tatu. Rudi hapo, upake alama. Katika maboksi haya meno ya ndani yamechongwa yabane zaidi kidogo pale kati, ili gari likienda moja kwa moja usukani usicheze. Ukitembea barabara iliyonyooka boksi likiwa nje ya kati, unaendesha kwenye sehemu yake iliyolegea, nawe utadhani umeuziwa boksi bovu. Pikapu ya kwanza niliyoifanyia kazi hii niliifunga bila kuhesabu. Usukani ukatoka umepinda, nikaung'oa nikaurudisha umenyooka, nikaona nimemaliza. Gari ilitangatanga barabarani wiki nzima mpaka nikarudi chini na kuanza hatua hii upya. Usukani uliopinda ulikuwa unaniambia kitu, na mimi nilikuwa nimeufunga mdomo.

11. Boksi likiwa katika kati, liinue, ingiza bolti kwa mkono, kisha ingiza kaplingi kwenye shafti ya juu huku usukani umenyooka. Shafti ya usukani haitakiwi kubanwa wala kuning'inia. Kama ina sehemu ya kuteleza, hakikisha imeingiliana vya kutosha. Boksi jipya likiwa refu au fupi kuliko la zamani, nunua shafti ya kati inayolingana. Usikate na kuchomelea shafti ya usukani mwenyewe. Ukiwa na krosi (viungo vinavyoruhusu shafti kupinda) mbili, uma za ndani zielekee upande mmoja, vinginevyo usukani utakuwa mwepesi na mzito kwa zamu katika kila mzunguko. Pembe ya kila krosi isizidi nyuzi 30 au 35, na ukilazimika kutumia krosi tatu, weka beringi ya kushikilia shafti katikati.

12. Kaza bolti za boksi kwa torki ya kitabu, kidogo kidogo na kwa kupishana. Kisha bolti ya kaplingi.

13. Funga pitmani meno mapana yakilingana, weka washa mpya na nati. Torki ya nati hii ni kubwa, mara nyingi kati ya Nm 170 na 300 kulingana na gari, kwa hiyo usikadirie kwa mkono.

14. Matairi yakiwa yamenyooka na boksi katika kati, dragi linki inapaswa kuingia kwenye pitmani bila kulazimishwa. Kama haifiki, rekebisha urefu wake kwenye mkono wake wenye nyuzi. Usizungushe boksi kuifuata. Kaza nati, na tundu la spliti pini lisipolingana endelea kukaza hadi lifike, usirudishe nyuma.

15. Osha mipira na tangi kwa oili safi, badilisha oringi, funga presha kwenye presha na kurudishia kwenye kurudishia. Anza nyuzi kwa vidole. Zikigoma, usitie nguvu.

16. Toa hewa. Matairi yakiwa bado juu na injini imezimwa, jaza tangi, kata taratibu mwisho hadi mwisho mara 15 hadi 20, ukiongeza oili inaposhuka. Mapovu yakiisha, rudisha betri, washa injini, rudia mara chache. Usishikilie usukani mwishoni zaidi ya sekunde 5, kwa kuwa pampu inakuwa kwenye presha yake yote na oili inachemka.

17. Kabla ya kushusha gari: kata kushoto, mwenzako atazame matairi yakienda kushoto. Kata kulia. Ndiyo, ulishapima mezani, pima tena. Hakikisha mipira haigusi kitu, na kwamba vizuizi vya kwenye ekseli vinasimamisha tairi kabla boksi halijafika mwisho wake wa ndani. Vikichelewa, boksi ndilo linalobeba pigo.

18. Shusha, endesha polepole mahali pasipo na magari, rudi ukague uvujaji. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza upya bolti zote za boksi, kisha peleka gari ikapimwe alaimenti.

Makosa ninayoyaona sana

Skrubu iliyo juu ya boksi, yenye nati ya kufungia, si ya kumalizia pleyi (ulegevu wa usukani) ya gari zima. Watu huikaza usukani ukicheza kidogo tu, na boksi zuri linakufa kwa miezi. Kagua kwanza kaplingi, krosi, tairodi endi na beringi za magurudumu. Kama lazima uiguse, fuata utaratibu wa kitabu, dragi linki ikiwa imefunguliwa.

Oili ya breki haiendi kwenye pawa hata tone, inavimbisha na kulainisha sili zote. Na usitafute uvujaji wa mpira wa presha kwa kidole injini ikiwaka. Pampu nyingi hufika bar 70 hadi 100 ukikata hadi mwisho, na uzi mwembamba wa oili unaweza kupenya ngozi. Hilo likitokea, nenda hospitali saa ileile, hata kama jeraha linaonekana dogo kama la sindano. Tumia kipande cha karatasi ngumu kutafutia.

Kama kuna tatizo

*Usukani umepinda gari likienda moja kwa moja.* Rekebisha urefu wa dragi linki. Usiung'oe usukani.

*Kunguruma na oili yenye povu.* Bado kuna hewa. Zima, acha itulie, rudia hatua ya 16. Ikirudi, angalia klipu ya mpira wa kurudishia na mpira unaotoka tangini, maana hewa huingia hapo bila oili kutoka.

*Usukani haurudi wenyewe baada ya kona.* Skrubu ya juu imebanwa mno, krosi imekauka, au shafti ya usukani inasukuma boksi. Tenganisha dragi linki na uzungushe: ukiwa bado mzito, tatizo liko juu. Ukiwa mwepesi, tafuta kwenye kingipini, boljointi na alaimenti.

*Mwepesi mno au mzito mno pande zote.* Pampu ya zamani na boksi jipya hazilingani kwa kiasi cha oili au presha. Pima presha kwa geji kabla ya kununua pampu nyingine.

*Gari hujikata springi ikibonyea.* Dragi linki imelala vibaya. Tafuta pitmani yenye mshuko sahihi.

*Usukani unazunguka wenyewe injini ikiwaka.* Zima papo hapo na usiiendeshe hata mita moja. Kagua kama mipira imebadilishana midomo. Kama iko sawa, vali ya ndani imeharibika, na boksi hilo linarudi lilikotoka.